Taa ya Wodi ya Akina Mama

Jumapili asubuhi taa ya wodi ya akina mama ilikutwa imezimika tena.

Chuo cha ualimu cha Wasabato, juu kidogo ya kijiji cha Ikonge, kilipewa vioo vya kunasa jua na wafadhili mwaka wa 1977. Viliwekwa kwenye paa la zahanati ya chuo, yenye wodi hiyo. Mchana vilijaza betri, na betri zikatosha kuwasha taa usiku mmoja. Jambo la ajabu kweli, maana hata mjini Nyamira kwenyewe wengi walikuwa wakisomea koroboi. Lakini wapi! Kila Jumapili, giza.

Mtunza betri aliitwa Manasseh, na giza hilo lilimuuma kuliko mtu yeyote. Mkewe alifia wodi hiyohiyo akijifungua, koroboi imeishiwa mafuta, mkunga anapapasa tu. Sasa binti yao Kemuma alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimewadia.

Ijumaa iliyofuata fundi wa wafadhili, Farah, alikuja kutoka Kisii mjini. Akapima betri, akatikisa kichwa.

"Zimejaa, mzee. Kila nikija nazikuta zimejaa. Kuna mtu anatuibia umeme."

"Nani aibe, mwanangu? Jumamosi chuo kizima tuko kanisani kutwa. Hata ng'ombe wangu hawaendi kulima."

"Mimi sijui. Wafadhili wamechoka. Keshokutwa alfajiri nakuja na lori. Nikikuta taa imezimika, tunang'oa kila kitu."

 

Farah alipoondoka, mzee alifanya kila alilojua. Aliongeza maji ya betri, akakaza nyaya, akapanda kufuta vioo mpaka vikang'aa. Kemuma akamletea chakula cha Sabato, kimepikwa mapema kama ilivyo desturi, huku ameshika kiuno.

"Baba, safari hii itawaka?"

"Itawaka. Mungu ameona tunavyohangaika. Hawezi kututupa."

Binti alipokwenda, Manasseh alipiga magoti kando ya betri akalia kama mtoto. Kisha akajifuta machozi, maana jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia.

Akachukua mablanketi, akapanda ngazi, na kama alivyofanya kila Ijumaa, akavifunika vioo vyote mpaka Jumamosi jioni, ili navyo visifanye kazi siku ya Sabato.