Diski za Mzee Ofumbi

"Hiyo kitu rudi nayo Busia," Mzee Ofumbi alisema kabla mkwe wake hajamaliza kufungua boksi. "Mimi nataka diski yangu."

Osborn alibaki na kisu mkononi. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi na kile kisanduku cha kuvuta sinema mtandaoni, akapanda boda hadi Molo, kijijini kwa mzee ng'ambo hiyo, amekikumbatia kama keki ya harusi. Sasa anaambiwa akirudishe.

"Baba, diski ni shida," akasema kwa adabu. "Unangoja Jumamosi mpaka Jumamosi dereva alete bahasha. Hii unabonyeza tu, sinema hazihesabiki. Hata za Kiingereza, na wewe ni mwalimu wa Kiingereza."

"Mwalimu alistaafu."

Ukaidi wenyewe ndio huo. Mtu aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, eti hatazami sinema mpaka iwe na vijei, yule mtafsiri anayepiga domo kwa Kiganda juu ya picha, akieleza nani kaingia, nani kajificha, nani anakula kofi sasa hivi. Diski hizo alikodi kwa Mable, mjane mwenye duka pale Busia. Mable alizituma kwa gari, na mzee alizirudisha kwa gari hilohilo. Bahasha ya vichekesho ilifungwa kwa mpira mmoja, ya vita kwa miwili. Osborn alipoiona mipira hiyo alitabasamu moyoni: mgane na mjane wana lugha yao. Hakuuliza. Mkwe hachunguzi nyumba ya baba wa mkewe. Anakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, anakula, anaondoka kabla ya giza.

Lakini safari hii alikuwa ametumwa. Tangu mzee atumbukie kwenye shimo la takataka, lile alilolichimba mwenyewe, Akumu, mkewe Osborn, hakuwa na amani. Alitaka baba yake ahamie kwao upande wa Kenya, kwenye nyumba ya kupanga. Mzee hakutaka kusikia. Mkewe amezikwa nyuma ya jiko, na kila mti wa boma lile aliupanda yeye. Basi Akumu akatoa sharti: apelekewe kisanduku, akiweza kukitumia abaki kwake. Mtu anayeshindwa na rimoti ataishije peke yake?

Osborn alimweleza hayo huku akiona aibu. Mzee alitia kidole kwenye ukingo wa kikombe, akamimina chai polepole, akakisukuma kwa mgeni wake.

"Kwa hivyo nikikataa hii, nakwenda kwenu."

"Ndivyo alivyosema Mama Sylvia."

"Na nikikubali?"

"Unabaki, Baba. Na mjukuu wako Sylvia amekutumia picha yake, ameanza shule."

Mzee aliipokea picha, akaipapasa, akaitia mfuko wa shati. "Nitaangalia baadaye." Kisha akacheka bila furaha. "Mmenifungia pande zote. Haya, washa."

Sinema ilianza. Muziki, ukimya mrefu, mlango ukagongwa, risasi, ukimya tena. Mzee alikaa wima, mikono juu ya magoti, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Alikuwa anaogopa. Osborn aliiona hofu ile na hakuielewa.

"Amekufa?" mzee akauliza ghafla.

"Nani, Baba?"

"Huyo. Au yeyote."

Masikini, Osborn akawaza, akili imeanza kuchoka. Akampa rimoti. "Sasa chagua nyingine mwenyewe."

Mzee aliigeuzageuza rimoti, akabonyeza. TV ikasema Kihispania. Akabonyeza tena, ikanyamaza kabisa. Akaiweka mezani taratibu.

"Toa hiyo kitu," alisema. "Mwambie Akumu baba yake ameshindwa."

Osborn alikifungasha kisanduku, roho ikimuuma. Akairudisha deki ya zamani ya kuchezea diski kwenye nyaya zake. Kisha, kwa heshima ya marehemu mama mkwe, akachukua kitambaa ambacho marehemu alikifuma kwa mkono wake, akakitandaza juu ya TV na kukishusha mbele mpaka chini, vumbi lisiingie. Akaaga. Uani aliinama kupita chini ya kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni. Haikuwa na hata nguo moja.

Alikuwa amefika barabarani alipokumbuka kofia yake. Akageuka, na papo hapo simu ikaita. Akumu.

"Baba Sylvia, ameweza?"

"Ngoja, narudi ndani kidogo. Nimesahau kofia."

Hata kabla hajafika uani alimsikia vijei akinguruma Kiganda chake, na juu ya ngurumo hiyo kicheko cha mtu mzima anayecheka mpaka anakohoa.

"Huyo ni Baba anacheka hivyo?" Akumu akauliza, sauti imembadilika. "Tangu Mama afariki sijamsikia akicheka. Anafanya nini?"

Osborn alisimama mlangoni. Mzee alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, kidole kimenyooka kuelekea TV, machozi ya furaha yakimtiririka.

"Nyuma yako, mjinga wewe! Nyuma ya mlango!"

Kitambaa cha marehemu kilikuwa palepale Osborn alipokitandaza, kimefunika kioo chote mpaka chini.

"Anatazama sinema," Osborn akasema. "Ameweza."