Maji Moto ya Mzazi

Mwajabu alipotimiza siku ya tisa tangu ajifungue, mama yake, Siwema, alijifunga kibwebwe akaenda kwenye mkutano wa mtaa. Zama zile kila jiko lilikuwa na kipimamoshi ukutani, na moshi ulilipiwa kodi. Siku hiyo walijadili kama moto wa kumchemshia mzazi maji ya kumkanda utozwe kodi pia.

“Moshi ni moshi, mama,” diwani alimwambia Siwema. “Mbingu haziulizi umepika nini.”

“Mbingu hazijazaa, baba! Mama yako alipokuzaa, alikandwa kwa barafu?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha ikaja kura, na wale wale waliokuwa wakicheka wakanyoosha mikono utozwe, hata Bi Tatu, mkunga wao wa miaka yote.

“Shoga, na wewe?”

“Mjukuu wangu hapumui vizuri kwa moshi, Siwema. Nifanyeje?”

Siwema alirudi nyumbani, akapanga kuni, akatoa kiberiti. “Watoze watakavyo. Arobaini yako itatimia, mwanangu.”

“Usiwashe, mama,” alisema Mwajabu, meno yakigongana. “Nimeshaoga. Tangu juzi naoga ya baridi ukiwa sokoni, kodi ikija isitukute. Nimeshazoea.”

Siwema aliwasha. Kipimamoshi kilipoanza kulia, Mwajabu aliinuka na kichanga chake kifuani, akafunga dirisha majirani wasisikie.

Mama yake akalifungua wazi, akaongeza kuni.