Ridhaa ya Nyumba

Tangu nyumba zipewe akili na sauti, sheria ilikataza kuibomoa yoyote bila ridhaa yake. Kwa hiyo Bi Zawena alisimama sebuleni na afisa wa mipango miji, akauliza kwa haya: "Nyumba, wewe na gereji yako mmechakaa. Tuwabomoe?"

"Nimeridhia," nyumba ilijibu kwa upole. "Ila hama leo, kabla ya mvua. Miaka tisa nimeuegemeza uzito wangu kwenye gereji, chumba chako kisipate ufa."

Zawena akaenda chumbani, akapapasa ukuta. Ulikuwa mzima kama yai. Dirishani aliiona gereji imeinama, imepasuka kila upande.

"Umenitunza hivyo! Mbona hukusema?"

"Hukuwahi kuniuliza kitu, mwanangu."

Afisa akagonga muhuri wa kibali. Zawena alishindwa kuubandua mkono wake ukutani.