Chupa ya Nne

Kabla ya kupewa dawa ya usingizi, Mzee Shomari alimshika mkono mtaalamu wa usingizi aliyesimama kichwani pake, akamwambia, "Mwanangu, nitunze."

Hakumjua. Nyuma ya barakoa alikuwa Mwanaidi, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye utotoni alimwona baba mdogo huyuhuyu akimtupia mama yake godoro nje, matanga ya mumewe hayajaanuliwa.

Sasa tumbo la mzee lilikuwa wazi na damu ilizidi kuvuja.

"Mwongeze maji," daktari alisema bila kuinua macho.

Chupa tatu za maji ya chumvi zilikuwa zimeshaingia. Mwanaidi alijua kwamba maji hayo yakizidi, damu huchachuka kwa asidi, na moyo uliochoka kama huu huanza kuyumba. Na nani angeuliza? Kabatini, chupa za chumvi zilipangwa pamoja na za Ringa, maji mengine ya mshipani yasiyochachua damu, na maji ya zote yalikuwa maangavu vilevile.

Mkono wake ukatua juu ya chumvi. Akaliona lile godoro, sufi ikimwagika matopeni, na mama yake akiinama kuliokota.

Kufa usingizini ni raha, aliwaza. Atakufaje kabla hajaniona?

Akatungika Ringa.

Jioni, mzee alipoanza kujigeuza kitandani, Mwanaidi alisogeza stuli, akavua barakoa. Watu wote husema amechukua sura ya mama yake. Akauinamisha uso wake juu ya uso wa mzee, akangoja macho yafunguke.