Pumzi za Kitanda Kitupu

Kila iliposimama programu ya kufuatilia pumzi za wagonjwa, wodi nzima ilibaki bila kuangaliwa, na humo alilazwa mama wa fundi aliyeiandika, Mwatime.

"Kosa liko wapi, mwanangu?" aliuliza muuguzi, Bi Rukia.

"Sijaliona. Niliiagiza ijizime papo hapo ikipokea pumzi kutoka kitanda kitupu. Basi hujizima kabla sijaona zaidi."

Bi Rukia akacheka. "Mlinzi gani huyo, anayezima taa mwizi akiingia? Liondoe agizo hilo!"

Mwatime akalifuta. Programu ikaendelea, na pumzi za mama yake zikaonekana kwenye skrini, shwari. Chini ya hizo, pumzi za kitanda kitupu cha dirishani zilipanda na kushuka kwa mwendo uleule.

Bi Rukia akakigeukia kitanda hicho. Mbele yao, shuka iliyotandikwa asubuhi ikabonyea polepole, upande wa kuelekea kwa mama.