Mbwa wa Mzee Mpangile

Mzee Mpangile alipopelekwa hospitali ya mbali, mkewe alimwachia jirani yao, Zamda, nyumba na mbwa mzee aitwaye Kifaru. Juma halijaisha, tumbo la Kifaru likavimba likawa gumu kama ngoma, naye akalala sakafuni akihema huku povu likimtoka. Daktari wa mifugo alimpapasa, akatikisa kichwa.

"Tumbo limejisokota. Kumwacha hivi ni kumtesa. Nikimchoma sindano atapumzika moja kwa moja, ila mwenyewe aridhie kwanza."

Zamda akapiga simu. Kabla hajasema neno, mke wa mzee alimdakia, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Mwanangu, mzee amefumbua macho leo. Cha kwanza amemuulizia mbwa wake. Ngoja nikupe uongee naye."

Zamda alitaka kumzuia, lakini simu ilikwishafika kwa mzee.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba," mzee aliitikia kwa tabu. "Hebu mwekee Kifaru simu sikioni."

Zamda akapiga magoti, akaiweka. Mzee akaita jina lile taratibu, akaita tena. Mbwa hakuinua kichwa, lakini mkia wake ukaanza kupigapiga sakafu, na daktari akasita, sindano mkononi.