Ludi

Redio ya saluni ilikuwa imefunguliwa kwa sauti, na mchambuzi wa muziki alikuwa akiizungumzia albamu ya pili ya Siwema na Zamaradi. Ile ya kwanza, alisema, ilikuwa midundo mitupu ya kompyuta, na watu waliipenda.

"Safari hii wametuwekea na mwimbaji. Sasa huyo mwimbaji kazi kutwambia 'ludi, ludi.' Ludi ndiyo nini, jamani?"

Wanawake waliosubiri zamu waliangua kicheko. Siwema aliinamisha kichwa mikononi mwa msusi, masikio yakimwaka moto. Tangu utotoni ulimi wake uligoma kuitamka r.

"Si albamu yenu hiyo?" msusi akauliza. "Nani kaimba kati yenu?"

Zamaradi alikuwa kiti cha pili, nywele nusu zimesukwa, nusu zimetimka, akisubiri msusi huyohuyo amrudie. Siwema hakuthubutu kumtazama.

"Mimi napiga kinanda tu," alisema. "Aliyeimba ni Zamaladi."

Kicheko kikakatika. Kitana cha msusi kikasimama hewani. Siwema alilisikia jina lile likimvua nguo mbele za watu.

Zamaradi alimtazama mwenzake kwenye kioo, kisha akamgeukia msusi.

"Ni mimi, dada," alisema taratibu. "Hebu nimalizie, nataka kuludi nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Msusi akazirudia nywele za Zamaradi, na redio ikaanza kuupiga wimbo wenyewe. Siwema akabana midomo, huku sauti yake ikijaa saluni nzima, ikimbembeleza mtu aludi.